Jumla ya COUNTIF inazidi idadi ya mistari: nakosea wapi?

mjaza_jedwali

Wakuu, naomba msaada wa fomula. Nina lahajedwali la majibu ya dodoso lenye rekodi 1,240, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 1241. Mstari wa 1 una vichwa vya safu. Safu B ni jibu (Ndiyo, Hapana, Sijui), C ni msimbo wa kundi (1 hadi 12), D ni alama (0 hadi 100), na F ni njia za mawasiliano, ambapo mtu mmoja anaweza kutaja njia kadhaa. Nataka jedwali la marudio tu: kila thamani imetokea mara ngapi.

Kwa safu C niliandika hivi kwenye G2:

=UNIQUE(C2:C1241)

Na kwenye H2, kisha nikaivuta hadi chini:

=COUNTIF($C$2:$C$1241,G2)

Mambo matatu hayaeleweki.

1) Orodha ya misimbo imetoa mistari 13 badala ya 12. Msimbo 7 umetokea mara mbili, na kila mmoja umeandikiwa 87. Jumla ya safu H ni 1,327, wakati rekodi ni 1,240.

2) Nilipofanya hivyo hivyo kwa safu B, nimepata Ndiyo 402, Hapana 517, Sijui 271, halafu Ndiyo nyingine 38, na mwishoni kuna 0 yenye idadi 0. Jumla ni 1,228. Hizo Ndiyo mbili nikiziangalia kwa macho sioni tofauti yoyote.

3) Alama nimezigawa 0–39, 40–49, 50–59, 60–69 na 70–100. Kwa COUNTIFS jumla ni 1,222, kwa FREQUENCY ni 1,240. Ipi ni sahihi?

Natumia Excel ya Microsoft 365, ila watakaopokea faili wengine wana Excel 2016 na wengine watalifungua kwenye Google Sheets.

---

Kapteni_Seli

Nianze na la kwanza, maana hilo tarakimu zake zinajieleza zenyewe: 1,327 toa 1,240 ni 87. Ziada yote ni ule msimbo 7 uliohesabiwa mara mbili.

Safu C ina 7 za aina mbili. Nyingine ni namba, nyingine ni maandishi yanayofanana na namba. UNIQUE inatofautisha aina hizo, kwa hiyo inakupa mistari miwili. COUNTIF haitofautishi: ukiipa kigezo 7, inahesabu 7 ya namba na "7" ya maandishi pamoja. Kila mmoja wa mistari miwili unapewa jumla ya zote. Fomula mbili zilizo jirani, kila moja na sheria yake ya usawa, na hakuna inayokuonyesha kosa.

Hakikisha kwa fomula hii:

=SUMPRODUCT(--ISTEXT(C2:C1241))

Ikitoa 0, nimekosea. Ikitoa namba yoyote zaidi ya hapo, hizo ndizo seli zilizohifadhiwa kama maandishi. Alama mbili za kutoa hapo mbele zinageuza KWELI na SI KWELI kuwa 1 na 0 ili ziweze kujumlishwa. Kwa macho, maandishi hukaa kushoto mwa seli na namba hukaa kulia (kama hakuna aliyebadili mpangilio), na mara nyingi utaona kipembetatu cha kijani kwenye kona ya juu kushoto.

Kubadili muundo wa seli kuwa wa namba hakusaidii. Muundo ni vazi tu. Kilichohifadhiwa ndani kinabaki maandishi mpaka kiingizwe upya. Njia ya haraka: chagua safu C peke yake, rudisha muundo uwe General, nenda Data, kisha Text to Columns, na bonyeza Finish moja kwa moja bila kugusa kitu kingine. Excel inazisoma seli upya na kuzifanya namba.

Kuna wanaopenda kunakili 1 na kuibandika kwa kuzidisha juu ya safu nzima. Inafanya kazi, lakini seli tupu zilizo ndani ya eneo ulilochagua zinageuka 0, na 0 hiyo itakuja kuhesabiwa kama msimbo. Kama safu ina mapengo, usiitumie.

Kabla ya kusafisha jiulize swali moja: je, msimbo "007" na 7 ni kitu kimoja kwenye data yako? Kama sifuri za mbele zina maana, elekea upande wa pili, yaani fanya zote ziwe maandishi kwenye safu ya pembeni:

=C2&""

Halafu usihesabu kwa COUNTIF, kwa sababu yenyewe bado itaona "007" na "7" ni sawa. Tumia ulinganisho wa moja kwa moja:

=SUMPRODUCT(--($C$2:$C$1241=G2))

Hapa 7 na "7" ni vitu viwili tofauti, na "007" ni cha tatu.

Tabia hiyo hiyo ya COUNTIF inauma zaidi kwenye namba ndefu za utambulisho. Excel hubeba tarakimu 15 tu za namba. Namba mbili za tarakimu 16 zilizohifadhiwa kama maandishi, zinazotofautiana tarakimu ya mwisho, COUNTIF itazigeuza namba, ya mwisho itapotea, na utaambiwa zimejirudia wakati hazijajirudia. Kwa safu za namna hiyo SUMPRODUCT ndiyo ya kuaminika.

---

Bi_Takwimu

La pili: Ndiyo 38 zina kitu kisichoonekana, karibu kila mara ni nafasi mwishoni. Pima urefu:

=LEN(B2)

Ndiyo ina herufi 5. Ukipata 6, kuna mgeni. Kumjua ni nani:

=UNICODE(RIGHT(B2))

Ukipata 32 ni nafasi ya kawaida, TRIM itaiondoa. Ukipata 160 ni nafasi isiyokatika, ile inayokuja data ikinakiliwa kutoka ukurasa wa tovuti, na TRIM haiigusi kabisa. Watu wengi huendesha TRIM, wakaona hakuna kilichobadilika, wakadhani fomula imeharibika. Ukipata 10, kuna aliyebonyeza Alt+Enter ndani ya seli.

Fomula inayoshughulikia mbili za kwanza, kwenye safu mpya pembeni:

=TRIM(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(160)," "))

Kwa mstari uliokatwa usikimbilie CLEAN. Inafuta alama ya 10 bila kuweka kitu mahali pake, kwa hiyo maneno mawili yaliyokuwa kwenye mistari miwili yanagandana. Badilisha kwanza iwe nafasi:

=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,CHAR(10)," "),UNICHAR(160)," "))

Vuta hadi mstari wa 1241, nakili, bandika thamani pekee, kisha hesabu juu ya safu hiyo safi. Safu ya asili iache ilivyo.

Sasa ile 0 yenye idadi 0. Hizo ni seli tupu. UNIQUE inapokutana na seli tupu inairudisha kama 0. COUNTIF nayo inatafuta 0 halisi kwenye safu B, haioni hata moja, inaandika 0. Rekodi 1,240 toa 1,228 ni 12, kwa hiyo una majibu 12 yaliyoachwa wazi. Thibitisha:

=COUNTBLANK(B2:B1241)

Ifanye kabla ya kusafisha. Safu safi uliyoibandika haina tena seli tupu kabisa; pale palipokuwa na pengo sasa kuna maandishi yenye urefu wa 0. COUNTBLANK inayahesabu kama tupu, sawa, lakini COUNTA inayahesabu kama yamejazwa. Kwa hiyo COUNTA(B2:B1241) itakupa 1,228 na COUNTA ya safu safi itakupa 1,240. Kwenye safu safi hesabu waliojibu kwa:

=SUMPRODUCT(--(LEN(E2:E1241)>0))

(nimechukulia E ni safu safi.)

Na orodha isiyo na pengo:

=UNIQUE(FILTER(E2:E1241,E2:E1241<>""))

Herufi kubwa na ndogo: ndani ya Excel, UNIQUE na COUNTIF zote hazijali, "ndiyo" na "NDIYO" ni kitu kimoja. Google Sheets ni hadithi nyingine. UNIQUE yake inajali, COUNTIF yake haijali, na utarudi kwenye tatizo lako la kwanza kwa sura mpya: mistari miwili, kila mmoja na jumla ya yote. Kwa kuwa faili litafunguliwa huko, zungushia PROPER au LOWER kwenye fomula ya kusafisha.

Kama kweli unahitaji kutofautisha herufi kubwa na ndogo:

=SUMPRODUCT(--EXACT($E$2:$E$1241,G2))

---

nukta_mkato

La tatu ni desimali. Bila shaka COUNTIFS zako zimeandikwa hivi:

=COUNTIFS(D$2:D$1241,">=40",D$2:D$1241,"<=49")

Mwenye 49.5 hayumo humo, na kwenye kundi la 50 hadi 59 hayumo pia. Ameangukia kwenye ufa. Rekodi 18 zilizopotea zote ziko kwenye nyufa kama hizo: 39.5, 49.25, 69.8 na kadhalika. Zitafute:

=SUMPRODUCT(--(D2:D1241<>INT(D2:D1241)))

Hii itatoa 18 au zaidi, maana kuna desimali ambazo haziko kwenye ufa, kama 54.5.

FREQUENCY haiachi ufa, ndiyo maana jumla yake inafika 1,240. Lakini kufika 1,240 hakumaanishi kila mtu yuko kundi lake. Mipaka unayoipa ni ya juu na inajumuishwa. Ukiipa 39, 49, 59, 69, makundi halisi ni:

hadi 39
zaidi ya 39 hadi 49
zaidi ya 49 hadi 59
zaidi ya 59 hadi 69
zaidi ya 69

Mwenye 49.5 amehesabiwa pamoja na wa 50. Je, ndivyo mnavyopanga madaraja? Kama daraja linaanza 50 kamili na 49.5 bado ni la chini, FREQUENCY kwa mipaka hiyo inakosea kimyakimya. Kwa hiyo jibu la "ipi ni sahihi" ni: hakuna, mpaka useme 49.5 anakaa wapi.

Kama anabaki chini, weka mwanzo wa kila kundi kwenye J2:J6 (0, 40, 50, 60, 70), na kwenye J7 weka namba kubwa kuliko alama yoyote, mfano 101. Kisha K2, vuta hadi K6:

=COUNTIFS($D$2:$D$1241,">="&J2,$D$2:$D$1241,"<"&J3)

Kila mpaka umeandikwa mara moja, mwisho wa kundi hili ndio mwanzo wa linalofuata. Ufa hauwezi kuwepo. Angalia alama ya & : ukiandika ">=J2" ndani ya alama za kunukuu, Excel inatafuta maandishi J2, siyo kilichomo kwenye seli J2, na utapata 0.

Kama alama inatakiwa kukadirishwa kwanza, 49.5 iwe 50, basi tengeneza safu ya =ROUND(D2,0) na hesabu juu ya hiyo. Hapo COUNTIFS na FREQUENCY zitakubaliana.

Kwa wa Excel 2016 watakaohariri FREQUENCY: lazima ichaguliwe seli zote za matokeo kwanza, iandikwe mara moja, kisha Ctrl+Shift+Enter. Mipaka minne hutoa majibu matano, kwa hiyo chagua seli tano. Ukichagua nne, kundi la mwisho linatoweka bila onyo. Ukichagua sita, ya sita inaandika #N/A. Matokeo hushuka wima; ukichagua seli za mlalo zote zitaonyesha namba ya kundi la kwanza, na dawa yake ni kuifunga ndani ya TRANSPOSE. Na baada ya hapo huwezi kufuta seli moja katikati, unafuta zote tano kwa pamoja.

Jambo moja zaidi kuhusu FREQUENCY: inapuuza maandishi na seli tupu. Alama "55" iliyohifadhiwa kama maandishi haihesabiwi popote. Kwako jumla ni 1,240, kwa hiyo safu D haina ugonjwa huo.

---

mjaza_jedwali

Asanteni sana. ISTEXT imetoa 26, na zote ni msimbo 7 (61 namba, 26 maandishi). Nafasi ya Ndiyo ilikuwa 160. Sasa nina Hapana 517, Ndiyo 440, Sijui 271, wazi 12, jumla 1,240. Alama zinabaki kundi la chini, nimetumia J na K.

Yaliyobaki: nataka orodha ipangwe kuanzia kubwa, na asilimia pembeni, bila kuvuta fomula. Safu F ina vitu kama "Redio, Simu, Barua pepe" ndani ya seli moja. Na wenye 2016 wataona nini wakifungua UNIQUE?

---

Kapteni_Seli

Kwa 365, fomula moja inatosha:

=LET(aina,UNIQUE(FILTER(E2:E1241,E2:E1241<>"")),idadi,COUNTIF(E2:E1241,aina),SORTBY(HSTACK(aina,idadi,idadi/SUM(idadi)),idadi,-1))

Iandike kwenye seli yenye nafasi tupu chini na kulia kwake. Kukiwa na kitu njiani itatoa #SPILL! badala ya kumwagika. Safu ya tatu ipe muundo wa asilimia mwenyewe.

Mtego uliomo humo: sehemu ya kwanza ya COUNTIF lazima iwe eneo halisi la seli. Ukisafisha ndani ya fomula, mfano ukaipa jina safi,TRIM(B2:B1241) halafu COUNTIF(safi,aina), itakataa kwa #VALUE!, kwa sababu safi si eneo tena, ni mkusanyiko wa thamani ulio hewani. Ukitaka kusafisha na kuhesabu kwa pigo moja:

=LET(safi,TRIM(SUBSTITUTE(B2:B1241,UNICHAR(160)," ")),aina,UNIQUE(FILTER(safi,safi<>"")),idadi,MAP(aina,LAMBDA(x,SUM(--(safi=x)))),SORTBY(HSTACK(aina,idadi,idadi/SUM(idadi)),idadi,-1))

Binafsi napendelea safu ya pembeni. Safu iliyosafishwa inakaguliwa kwa macho, fomula ndefu haikaguliwi na mtu.

Asilimia: hapo juu nimegawa kwa waliojibu, 1,228. Hapana inakuwa 42.10%, Ndiyo 35.83%, Sijui 22.07%. Ukigawa kwa rekodi zote 1,240 inakuwa 41.69%, 35.48%, 21.85%, na wazi 0.97%. Zote halali, ila andika kwenye kichwa cha safu umegawa kwa kipi.

Mwenye 2016 akifungua faili ataona matokeo ya mwisho yaliyohifadhiwa, lakini seli ikikokotolewa upya kwake itageuka #NAME?. Kwenye LibreOffice Calc, UNIQUE, FILTER, SORTBY na LET zipo kuanzia toleo la 24.8.

---

Bi_Takwimu

Kwa 2016 orodha ya thamani zisizojirudia hupatikana hivi, kwenye G2 chini ya kichwa kilichopo G1, kwa Ctrl+Shift+Enter, kisha uivute chini:

=IFERROR(INDEX($E$2:$E$1241,MATCH(0,COUNTIF($G$1:G1,$E$2:$E$1241)+($E$2:$E$1241=""),0)),"")

Kile kipande cha +($E$2:$E$1241="") mara nyingi huachwa kwenye fomula zinazozunguka mitandaoni. Bila hicho, seli tupu nazo zinaingia kwenye orodha kana kwamba ni aina ya jibu. Dola nazo zisiguswe: $G$1:G1 lazima ikue kadiri unavyoshuka.

Kusema kweli, kwa watu wa 2016 jedwali pivoti (PivotTable, muhtasari unaotengenezwa na Excel yenyewe) ni rahisi zaidi. Weka Jibu kwenye mistari, na kwenye thamani weka safu isiyo na pengo kama namba ya rekodi, ikiwa kwenye hesabu ya idadi. Ukiweka Jibu lenyewe sehemu zote mbili, mstari wa seli tupu hautakuwa na idadi, kwa sababu pivoti inahesabu seli zilizojazwa tu. Na pivoti haijisasishi yenyewe data ikibadilika. Bonyeza kulia, Refresh.

Google Sheets kuna QUERY, inayopanga na kuhesabu kwa pamoja:

=QUERY(E2:E1241,"select E, count(E) where E <> '' group by E order by count(E) desc label count(E) 'Idadi'",0)

Tahadhari kubwa. QUERY huamua aina moja kwa kila safu kufuata walio wengi, na walio wachache wanageuka kuwa tupu. Safu C kabla hujaisafisha, zile 26 za maandishi zingetoweka bila neno, na msimbo 7 ungeonyesha 61.

---

safu_wima

Kwa safu F usitumie COUNTIF(F2:F1241,"*Simu*"). Itabeba "Simu janja" na "Simu ya mezani" kama zipo kwenye orodha. Zungushia mikato pande zote mbili ili neno lilinganishwe zima:

=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(SEARCH(","&G2&",",","&SUBSTITUTE($F$2:$F$1241,", ",",")&",")))

SUBSTITUTE inaondoa nafasi baada ya mkato, mikato ya mwanzo na mwisho inalinda neno la kwanza na la mwisho. Jumla hapa itazidi 1,240 na hilo si kosa, mtu mmoja ametaja njia nyingi. Asilimia gawa kwa idadi ya watu, zitazidi 100 zikijumlishwa.

Nyota na alama ya kuuliza ndani ya data ni shida kwa COUNTIF na SEARCH pia. Jibu lililoandikwa "Labda?" litalingana na "Labda" yenye herufi yoyote moja nyuma yake. Weka kiwimbi mbele: "Labda~?". Vilevile lebo zinazoanza na alama za ulinganisho. Kama kundi la umri limeandikwa "<18" kama maandishi, COUNTIF inaisoma kuwa amri ya kutafuta namba ndogo kuliko 18. Andika "="&G2 badala ya G2, au rudi kwenye SUMPRODUCT. Na maandishi yanayozidi herufi 255 COUNTIF inayakataa kwa #VALUE!.

Pia unaweza kuacha 2:1241 ukaandika C:C, data ikiongezeka hubadilishi kitu.

---

nukta_mkato

Kwa COUNTIF sawa, inaishia mahali data ilipoishia. Kwa SUMPRODUCT usithubutu, itapitia mistari 1,048,576 kwa kila seli, na kichwa cha safu nacho kinaingia kwenye ulinganisho. Bora ubadilishe data iwe jedwali rasmi kwa Ctrl+T, ulipe jina, mfano Majibu, halafu:

=COUNTIF(Majibu[Msimbo],G2)

Linakua lenyewe, na halina kichwa ndani.

Wanaonakili fomula kutoka hapa: kama kompyuta yenu inatumia mkato kwa desimali, badilisheni mikato ya fomula iwe nukta mkato. Na alama za kunukuu zikigeuka zile zilizopinda, Excel itawapa #NAME?; zifute na kuziandika upya.

---

mjaza_jedwali

Safu F imekubali. Nimeweka seli ya ukaguzi juu ya kila jedwali, =SUM(H2:H13)-COUNTA(C2:C1241), na sasa inaonyesha 0.

---

Bi_Takwimu

Iache hapo, lakini kumbuka kwamba Ndiyo 402 na Ndiyo 38 hazikuwa zinaharibu jumla hata kidogo. Seli hiyo ingeonyesha 0 vilevile. Ongeza ya pili inayolinganisha idadi ya aina na unayotarajia:

=ROWS(UNIQUE(C2:C1241))-12

Hii ndiyo ingekukamata 7 ya pili siku ya kwanza.